Damu ya Mzee Ndahani na Mtani Aliyewahi Msibani

Nyie mnaoanza kazi hospitali mwaka huu, hebu sogezeni viti. Shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba, msirudierudie, mtachoka kabla sijaanza. Mimi ndiye Mzee Mathayo. Nimebeba damu za watu katika hospitali moja hapa Dodoma mpaka viatu vyangu vikaijua njia. Kuna siku nilisahau kuvivaa, nikaenda pekupeku, kufika maabara nikavikuta vimekaa mlangoni vinanisubiri. Anayebisha akaviulize.

Shule sikusoma. Nilifika darasa la kwanza, mwalimu akanitazama kwa huruma, akanikabidhi jembe la bustani, basi elimu yangu ikaishia kwenye mchicha. Lakini kazi yangu ilitaka miguu na adabu tu. Chupa ndogo ya damu inatoka kitandani kwa mgonjwa inakwenda maabara, halafu majibu yanarudi kwa daktari. Mimi ndiye barabara. Barabara ikikatika, daktari yuko huku, mashine iko kule, wanabaki kutazamana kama mashemeji.

Mwanzoni nilidhani sifa ya kazi hii ni mbio. Nilikuwa natimua vumbi kutoka wodini mpaka maabara, kuku wa majirani wanaruka ukuta, wagonjwa wanauliza kama kuna moto. Siku moja nimefika nahema, natoa chupa, nasubiri nipongezwe. Mkubwa wa maabara alikuwa mama mmoja anaitwa Bi Anjelina. Mwembamba kama uzi wa cherehani, lakini ukimkosea unamwona amejaa mlango mzima. Akaiweka ile chupa kwenye mashine ya kuzungusha, ile inayofanya damu nzito ishuke chini na maji yake yabaki juu. Ilipotoka akaiinua dirishani, akaniita.

"Mathayo, hii rangi gani?"

Nikamwambia ni nyekundu, nzuri kabisa, kama zabibu za kule Hombolo.

"Mimi nilitaka maji ya njano. Wewe umenitengenezea mvinyo. Nani kakwambia hapa ni kiwandani?"

Ndiyo nikafundishwa kazi. Kumbe damu ina vichembe vidogo vyekundu, ukiitikisa hovyo vinapasuka, vinamwaga rangi yake, na kipimo kinaanza kusema uongo kama mimi. Basi mgonjwa anachomwa sindano tena kwa sababu ya mtu aliyetaka kuonekana ana mbio. Chupa yenye dawa ya kuzuia damu isigande unaipindua polepole, kama unavyomgeuza mtoto aliyelala, huitikisi kama dawa ya kikohozi. Haikai juani. Haikai mfukoni na karanga, hata kama mfuko una nafasi. Na jina la mgonjwa linaandikwa palepale kitandani, siyo unafika kwenye kona unaanza kukumbuka yupi alikuwa na kipara.

Halafu akanipa mazoezi. Nitembee na bilauri ya maji imejaa mpaka ukingoni, kutoka getini mpaka maabara, bila kumwaga. Katika kiangazi chote kile Dodoma nzima ilikuwa kavu isipokuwa suruali yangu. Lakini nilijua kutembea. Mpaka leo nikienda harusini bibi harusi ananitazama mimi kujifunza mwendo.

Nyie siku hizi mmerahisishiwa. Mna maboksi ya baridi yenye mkanda wa begani, kompyuta inatema karatasi ya jina unabandika, maabara wanakutumia majibu kwenye simu kabla hata hujakaa. Vizuri. Ila bado nawaona mnakimbia. Jana nimemwona mmoja anashuka ngazi na boksi anachezesha mabega, amevaa vile vya masikioni. Damu haikuchagua huo muziki.

Sasa niwaambie habari ya moyo na kiharusi, maana ndiyo iliyonifanya nisimame kazini mpaka nikastaafu badala ya kwenda kuuza mbuzi.

Alikuja daktari kijana, Daktari Rehema, mtoto wa watu mpole, anasalimia mpaka wafagiaji kwa majina. Yeye kila mgonjwa wa kiharusi akiingia, baada ya picha ya kichwa, anaagiza damu ya kupima moyo. Kila mgonjwa. Mimi nabeba tu, lakini siku moja uzalendo ukanishinda. Nikamuuliza, daktari samahani, mtu kaumia kichwani wewe unapima moyo, mimi nikivunjika mguu si utanipima pua?

Alicheka mpaka akakaa. Halafu akanieleza, na mimi nawaeleza kwa maneno yangu maana ya kwake yalikuwa na Kiingereza kingi. Kiharusi kile cha mshipa kuziba, mara nyingine kibonge kilichoziba kimetoka moyoni. Moyo usiopiga sawasawa damu inalala ndani yake, inaganda, kama maziwa kwenye kibuyu. Kibonge kinapanda kichwani, kinaziba, mkono unalala, mdomo unakwenda upande. Na moyo wenyewe ukielemewa unatema kitu kwenye damu. Mmewaona punda wanaobeba madumu ya maji? Ukimzidishia mzigo hasemi, lakini anaanza kupumua kwa kelele. Ndiyo hicho. Wanapima kelele za punda. Vipo viwili nilivyokuwa nasikia sana, kimoja kinaitwa troponini, mimi nilikuwa naona ni jina la mshambuliaji wa timu ya nje, kingine herufi tupu, BNP, kama chama cha siasa. Cha kwanza kinavuja nyama ya moyo ikiumia, cha pili kinatoka moyo ukizidiwa.

Daktari Rehema anasema waliopanda sana kwa vipimo hivyo, wengi wao wanachelewa kurudi katika hali yao, na wengine hawarudi vizuri. Nikamwambia basi hicho kipimo ni mchawi. Akasema hapana. Akasema ni kama mtu anayekuambia wingu limetanda upande wa Chemba. Hajakuambia utaloa. Anakuambia usiache nguo kambani.

Mlishike hilo la nguo, maana kuna mtu hakulishika.

Alilazwa Mzee Ndahani wa Nzuguni. Mgogo mwenzangu, mfanyabiashara wa mbuzi, anawanunua mnadani Chemba anawauza mjini. Huyu mzee kabla ya kuugua alikuwa anaongea mpaka mbuzi wanajiuza wenyewe ili wapumzike. Asubuhi moja ameshika kikombe cha chai, kikombe kikaanguka, mkono wa kulia ukaanguka nao, na maneno yakakatika. Mke wake alishatangulia, kwa hiyo aliyemleta ni mtoto wake mkubwa, Yona, dereva wa lori la alizeti. Mtu mzuri Yona, ila masikio yake yalikuwa yanafanya kazi nusu siku.

Nikabeba damu ya Mzee. Nilitembea kama nimebeba yai la mbuni. Majibu yakarudi, moyo umepiga kelele hasa, ile BNP imepanda kupita kiasi. Daktari Rehema akamwita Yona pembeni ya kitanda, mimi nikiwa palepale nasubiri chupa nyingine. Akamwambia kipimo cha moyo kimepanda, wagonjwa wa namna hii wengi hupona kwa shida, ndiyo maana nataka abaki, nimtegee nyaya za kusikiliza moyo, aanze dawa, aanze mazoezi ya kuongea na kutembea mapema. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi nzima.

Yona aliondoka nayo mpaka kwenye neno shida, iliyobaki akaiacha palepale sakafuni. Akatoka nje na simu. Nikamsikia koridoni anawaambia ndugu kwamba damu imeshasema, Mzee basi tena, wajiandae, watafute turubai. Nikamfuata nikamwambia kijana, damu haijasema hivyo, mimi ndiye niliyeibeba, njia nzima haikuniambia neno. Akaniambia, "Baba, asante, lakini wewe ni mbebaji." Kweli ni mbebaji. Nikabeba maneno yangu nikarudi nayo wodini.

Nzuguni turubai likafungwa jioni ileile. Bahati nzuri Nzuguni kuna upepo. Ulikuja ukaling'oa, likapaa, wapo waliolishuhudia likipita juu ya Ipagala likiwa na viti viwili vya plastiki na mtu mmoja ambaye hakutaka kuachia kamba. Turubai linashuka, mtu anashuka, anauliza hapa ni wapi, anaambiwa karibu na kwake. Akashukuru kwa lifti.

Lakini shida siyo turubai. Shida ni kwamba Yona katika kupiga simu alimpigia na Mama Nyenza.

Mama Nyenza ni Mhehe, anauza mitumba Ipagala, makoti hasa. Yeye na Mzee Ndahani ni watani tangu enzi. Nyie wa mjini labda utani mmeusikia redioni tu. Sisi Wagogo na Wahehe tunataniana, matusi ya kila aina, na hakuna kukasirika. Na msibani mtani ndiye mwenye uwanja. Anavaa kama marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anadai chakula cha marehemu, watu wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Ukikasirika wewe ndiye uliyekosa. Mama Nyenza katika hiyo kazi alikuwa bingwa. Kuna mjane mmoja alimwona akiigiza mume wake, akasahau, akamwagiza akafunge mbuzi.

Sasa Yona kamwambia kwenye simu Mzee basi tena. Mama Nyenza akaelewa mzee amekufa. Na desturi yake yeye haanzii nyumbani, anaanzia pale mwili ulipo, autoe rasmi.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa, mlango wa wodi ukafunguliwa. Nimesimama na boksi langu. Naona anaingia Mzee Ndahani. Nikageuka kitandani, Mzee Ndahani amelala. Nikajua sasa damu nilizobeba miaka yote zimenipanda kichwani. Ni Mama Nyenza. Amevaa koti la kahawia kama la Mzee, kwenye stoo yake ya mitumba halikosekani, kofia ileile ya pama, fimbo ileile. Anatembea katikati ya vitanda anaburuta mguu, mdomo ameuvuta upande, anawalalamikia wagonjwa kwa sauti ya Mzee kabisa kwamba mbuzi wa Chemba siku hizi wembamba, wanapita katikati ya fito za zizi bila kujigusa, ukimchinja unapata supu ya kunusa.

Wagonjwa wale waliokuwa hawajainua kichwa wakainua. Nesi ameshika sinia la dawa, hajui ampigie simu nani. Yona alikuwa amekaa pembeni ya baba yake, akafunika uso kwa mikono.

Mama Nyenza akafika kitandani akatazama chini alie kidogo kwanza, kama inavyotakiwa, na Mzee Ndahani akamtazama kutoka kwenye mto. Macho wazi.

Mimi ningekuwa yeye ningetoka dirishani. Lakini mtani wa kweli hana gia ya nyuma.

"Kumbe upo," akasema. "Nimefunga biashara kwa ajili yako, nimetembea juani na koti, kumbe umelala tu."

Akageuka, akaendelea na kazi yake. Akatembea mbele ya kitanda kile huku na kule, anaburuta mguu, anajishika kiuno, anajisema mwenyewe kwamba mimi ndiye Ndahani, mzee mvivu wa Nzuguni, nimepata kiharusi ili nisilipe deni la koti. Sasa katika hiyo haraka akawa anaburuta mguu wa kushoto. Na wa Mzee uliolala ni wa kulia.

Nikaona uso wa Mzee unabadilika. Upande mmoja unajikunja, upande mwingine umebaki, mdomo unatafuta kitu. Huyu mtu tangu aingizwe hakuwa ametoa hata herufi. Akainua mkono wa kushoto, akamnyooshea kidole Mama Nyenza, na kwa shida, kama mtu anayesukuma lori la Yona kwenye tope, akasema, "Siyo huo."

Mama Nyenza akasimama. "Nini siyo huo?"

Mzee akamnyooshea mguu wake mwenyewe uliolala chini ya shuka. "Siyo huo."

"Aa, samahani bwana," Mama Nyenza akasema, akahamisha mguu, akaendelea kutembea. Nesi alilia. Mimi sikulia, ni vumbi, mnalijua vumbi la hapa.

Daktari Rehema aliitwa, alikuja karibu anakimbia, na yeye nilikuwa nimemkataza mbio. Akamuuliza Mzee jina lake. Mzee akajibu, "Siyo huo." Anaumwa wapi? "Siyo huo." Uji au chai? "Siyo huo." Daktari akatuambia ndivyo inavyokuwa mara nyingine, kiharusi kikimeza maneno, neno la kwanza kutoka linakwama mlangoni, kila anachotaka kusema kinapitia hapohapo. Lakini akasema mlango umefunguka, hiyo ndiyo habari. Na zile nyaya za kusikiliza moyo zikawa zimeshashika mwizi, moyo wa Mzee unapiga bila mpango, mara tatu haraka mara moja umepumzika, kama ngoma ya mlevi. Kwa hiyo damu ilikuwa imesema kweli, kelele zilikuwepo. Wakajua kilichozalisha kibonge. Ikapatikana dawa ya kuzuia damu isigande tena, ila ni ya kuangaliwa kwa makini, na mazoezi kila siku. Bila hivyo kibonge cha pili kinaweza kuja, na hicho hakina mtani.

Ndugu wakasikia Mzee amefumbua mdomo, wakaona sasa ndiyo wakati mzuri. Yona akaja na gari la kukodi na wajomba, godoro limeshatandikwa nyuma. Wanasema ameongea, ameaga, twende akamalizie nyumbani kwa heshima. Daktari Rehema akawaeleza upya, polepole, kila neno, mpaka mwisho wa sentensi. Wajomba wanatikisa vichwa. Wanasema damu ilishasema. Wamefika na shuka la kumbebea.

Daktari hawezi kumfunga mtu kitandani. Ninyi mtakutana na hili, familia ikitaka kuondoka inaondoka. Nilimwona ameshika faili amenyong'onyea, na mimi nimesimama na boksi tupu. Nikamwambia Yona, sawa, mmetusikiliza wote, daktari, wajomba, damu. Bado mtu mmoja. Mwulizeni mwenye moyo.

Wajomba wakaona ni haki. Yona akainama kwenye mto, kwa adabu kabisa.

"Baba, tumekuja kukuchukua. Twende nyumbani?"

Mimi na Daktari Rehema tukatazamana. Tulijua sote wawili ni jibu gani linakuja, maana lilikuwa moja tu.

"Siyo huo," Mzee akasema.

Yona akasimama wima. Akawageukia wajomba. "Amekataa."

Wajomba wakakunja shuka. Daktari akageukia ukutani kama anasoma kalenda, mabega yanatikisika, na ukutani pale hapakuwa na kalenda. Mimi nikatoka nje nikacheke na kuku.

Akabaki. Mazoezi yakaanza, na Mama Nyenza akawa anafunga biashara mapema kila siku anakuja kusimamia. Wale wa mazoezi wanamwambia Mzee inua mguu, hainui. Mama Nyenza anamwambia nimewauzia Wahehe wenzangu mbuzi wako wote kwa bei ya kuku, Mzee anainua mguu ampige teke. Wataalamu wakaona wamwachie nafasi.

Ikafika siku ya kurudia damu ya moyo. Daktari alitaka kuona kama punda amepunguziwa mzigo. Mzee alijua. Nesi alipochukua damu, Mzee akamnyang'anya chupa kwa mkono mzima, akanipa mimi, mkononi. Mimi nikasema sawa mzee, hii haitaona hata mawimbi.

Nikatoka. Nikafika katikati ya uwanja na Dodoma ikanikumbuka. Kikaja kile kimbunga cha vumbi, siyo kile cha kawaida, kile mama yao. Kimeinua mchanga, mifuko, ndala, nimeona na pikipiki inapita na mwenyewe juu anapiga honi apishwe. Nikasema mimi nikisimama nitapeperuka na damu ya watu. Nikakaa chini, nikalikumbatia boksi, nikalilalia kwa tumbo, mkono mmoja nimeupitisha chini, uso umejaa mchanga mdomo umekwenda upande kuuzuia usiingie.

Vumbi likapita. Watu wananikuta nimelala, mdomo upande, mkono haupo, siongei maana nimejaa mchanga. Wakapiga kelele Mzee Mathayo amepata kiharusi. Wakanibeba juujuu mpaka kwa wagonjwa wa dharura, mimi na boksi langu, nataka kuwaeleza natoa vumbi tu. Kijana mmoja anataka kuchukua boksi, sikuachia. Wakaandika kwamba mkono umekakamaa. Wakanivua shati, wakanitoa na mimi damu ya moyo.

Bi Anjelina akaja mwenyewe kutoka maabara, amesikia. Akaupita uso wangu kama hauoni, akalifungua boksi, akaiinua chupa ya Mzee kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu.

"Safi," akasema. "Huyu nyie endeleeni naye."

Ya kwangu ilitoka moyo wa kijana, karatasi ninayo ukutani nyumbani. Ya Mzee Ndahani ilikuwa imeshuka. Haikushuka yote, daktari alinionya nisianze kupiga vigelegele, akasema bado iko juu ya mstari, bado dawa, bado safari. Lakini wingu limesogea. Safari hii Yona alikuwepo, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza na swali. Halafu akatoka koridoni na simu, nikamfuata tena nisikie. Akawaambia ndugu, acheni kutafuta turubai jingine.

Nilipostaafu nilikwenda Nzuguni kumsalimia. Nikawakuta wamekaa uani, Mzee na Mama Nyenza, wanabishana juu ya mbuzi aliyekwisha kuliwa. Mzee sasa anaongea, polepole, neno linakuja likichagua pa kukanyaga, lakini linafika. Akanikaribisha kwa salamu yetu ya Kigogo, mbukwenyi, tukapewa togwa. Nikamuuliza kile kilichokuwa kinanikereketa siku zote. Nikamwambia mzee mwenzangu, siku ile ya gari na godoro, ulikuwa unakataa kweli kwenda nyumbani, au ni lile neno lilikuwa limekukwama tu?

Akanitazama. Akafungua mdomo ajibu. Na Mama Nyenza, ambaye hajawahi kumwachia mtu jibu, akainuka, akachukua ile fimbo, akaanza kuzunguka ua anaburuta mguu, anasema mimi Ndahani, mzee mbishi, hata nyumbani kwangu nilikataa. Safari hii alipatia. Mguu wa kulia hasa.

Mzee akasema, "Siyo huo."

"Ni huu," Mama Nyenza akasema. "Wa kulia. Uliniambia mwenyewe mbele ya watu."

Mzee akainuka. Akachukua fimbo kutoka kwa Mama Nyenza, akanipa mimi niishike, akaanza kutembea. Akavuka ua, akazunguka zizi, akagusa ukingo wa mlango, akarudi. Polepole, ndiyo, kama mtu aliyebeba bilauri imejaa. Lakini hakuna mguu uliokuwa unaburutwa, wala wa kulia wala wa kushoto.

Mama Nyenza alimtazama kwa uchungu mkubwa.

"Sasa umeniharibia kazi," akasema. "Siku ukifa nitaigiza nini?"

"Tangulia wewe," Mzee akamjibu, na hilo lilitoka lote kwa mkupuo, halikukwama popote.